Matawi Mawili ya Adélard

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili, Yvan Bolduc aliingia jikoni kwa Réjeanne Gaudreault bila kubisha hodi, kama watu wa kijiji cha Sainte-Odile walivyozoea kuingia, akakung'uta theluji miguuni na kuweka karatasi mezani, kati ya sufuria ya supu ya njegere na kabureta iliyofunguliwa vipande vipande.

"Soma vizuri, Bi Réjeanne," alisema. "Leo bado ni kalamu. Kesho nikishika patasi, sifuti tena."

Réjeanne alifuta vidole kwa kitambaa, akavaa miwani. Maneno yalikuwa machache, kwa kuwa ubao wenyewe haukuwa mkubwa. Ungesimamishwa Jumamosi kwenye mteremko wa kuingilia ziwani, kabla ya msafara wa pikipiki za theluji za zamani, na ulikuwa wa kumkumbuka baba yake.

*Adélard Gaudreault, 1923–2001. Majira arobaini ya baridi aliweka alama za njia juu ya Ziwa Loutre. Hakupoteza mtu hata mmoja. Alisahau matawi mara moja tu.*

"Mstari wa mwisho uondoe," alisema.

Yvan alicheka, huku akijipakulia supu. "Huo ndio watu wanaousubiri! Nikiuondoa, Mzee Ovila atashuka kwenye sleji yake anicharaze bakora. Una ubaya gani?"

"Haupendezi."

"Baba yako mwenyewe aliupenda. Hakuna mtu aliyeisimulia hadithi hiyo mara nyingi kama yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Yvan alikunywa supu yake akiwa amesimama, akaichungulia kabureta, akasema ina uchafu kwenye tundu dogo, jambo ambalo Réjeanne alikuwa ameliona tangu asubuhi. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Nipigie kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya hapo ni patasi."

Réjeanne hakupiga. Saa mbili ilimkuta ameketi palepale, simu iko mbele yake, kabureta imesafishwa na kufungwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Kwa miaka thelathini alikuwa amepika chakula cha mchana katika shule ya kijiji, na kwa majira ishirini na mawili ya baridi, baada ya baba yake kuchoka, alikuwa yeye mwenye kazi ya kuweka alama za njia ziwani. Watu walivusha watoto, ng'ombe na majeneza juu ya barafu kwa sababu Réjeanne amesema inapitika. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na neno lake lilikuwa halirudiwi mara mbili. Katika kijiji chote hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona akikosea juu ya barafu. Mmoja aliyewahi kumwona alikuwa ameshakufa, na jina lake lilikuwa linachongwa kwenye ubao.

*

Ziwa Loutre huganda mwezi wa kumi na mbili na kuachia mwezi wa nne. Kuizunguka pwani yake kwa gari ni mwendo wa saa nzima. Kulikata katikati ni dakika ishirini. Zamani, ng'ambo kulikuwa na kiwanda cha mbao na kanisa dogo, na nusu ya wanaume wa kijiji walivuka kila siku. Njia ilionyeshwa kwa misonobari michanga, mirefu kidogo kuliko mtu, iliyosimamishwa kila baada ya hatua hamsini ili dhoruba ikija mtu aende kutoka mti hadi mti. Anayeweka alama hutoboa tundu kwenye barafu, husimamisha mti ndani yake, humwagia kopo la maji, huhesabu hadi mia moja. Mti unakuwa umeshikwa kama nguzo.

Kabla ya mwaka 1966 Adélard alifanya kazi hiyo kwa farasi. Mwaka ule alinunua Carcajou, pikipiki ya theluji nyekundu yenye kiti kirefu cha ngozi nyeusi, kioo kidogo cha mbele, na injini iliyokaa wazi mbele ya magoti, ikitema moshi wa petroli na oili moja kwa moja usoni. Mama yake Réjeanne alisema ina sauti ya cherehani iliyokasirika. Haikwenda kasi zaidi ya farasi mzuri. Lakini haikula ikiwa imelala, Adélard alisema, na haikumwogopa mbweha.

Réjeanne alikuwa na miaka minane alipoipanda mara ya kwanza. Hakuketi nyuma. Baba yake alimweka mbele, kati ya mikono yake miwili, ili mwili wake mkubwa umkinge na upepo wa nyuma na injini impashe magoti. Magoti yaliungua na vidole vya miguu vikaganda kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo alivyoikumbuka baridi ya utoto wake, kitu chenye pande mbili. Juu ya bomba la moshi baba yake alifunga kwa waya kopo la maharage na nyama ya nguruwe. Walipofika katikati ya ziwa maharage yalikuwa yanachemka, nayo yalikuwa na ladha ya petroli kidogo, na hadi leo Réjeanne haoni kama maharage yasiyo na ladha hiyo yamekamilika.

Alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kukaa na plagi ya akiba kwapani, ndani ya sweta, kwa sababu plagi ya baridi haitoi cheche ya kuwashia injini. Ilikuwa inachoma kwa ubaridi dakika tano za kwanza, kisha unaisahau, kisha baba anasema "Mama, plagi," nawe unaitoa ikiwa na joto kama yai.

Ya pili ilikuwa kuhesabu miti iliyobaki kwenye sleji iliyokokotwa nyuma.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa. Barafu ya ziwa ina nyufa, na theluji ikiwa nzito juu yake, maji hupanda kimyakimya kupitia nyufa hizo na kutulia chini ya theluji. Kwa macho huoni kitu. Panaonekana peupe na pakavu. Watu wa ziwa huyaita uji. Ukipita juu ya uji bila kusimama, hakuna neno. Ukisimama, mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini ya mashine unazama kidogo, hewa ya baridi inaingia, na baada ya nusu saa uji umekuwa barafu na mashine yako imejengewa ndani yake. Kwa hiyo kila unapotaka kusimama kwa muda, mtu hushuka kwanza, hulaza matawi mawili ya msonobari mbele, na dereva hupandisha mashine juu yake. Mtu huyo alikuwa Réjeanne.

"Umeweka?" baba yake aliuliza kila mara, kwa sababu kioo na injini vilimzuia kuona.

"Nimeweka."

Naye alisogea mbele, akazima.

*

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili, 1968. Njia ilikuwa imefika zaidi ya nusu. Desturi ya baba yake ilikuwa kwamba mti wa mwisho kabisa, ule wa kwenye ncha ya pwani ya ng'ambo, ni wa Réjeanne. Yeye huusimamisha, yeye humwaga maji, yeye huhesabu hadi mia moja kwa sauti. Aliungoja mti ule kuliko Krismasi.

Siku hiyo alihesabu miti kwenye sleji, akahesabu tena, akaona itapungua. Matawi ya kulaza chini yalikuwa yameisha asubuhi. Kuanzia hapo, kila kituo kingekula miti miwili mizima. Alikuwa na miaka tisa na alijua hesabu za kutoa. Kila kituo kilikuwa kinaula mti wake.

Karibu na kibanda cha kuvulia samaki cha Ovila Cloutier, baba yake alipunguza mwendo. Ovila alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mdogo wake kwa miaka minane, mwenye ulimi usiokaa kinywani. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la kibanda.

"Tunywe chai kwa huyu mwongo," Adélard alisema. "Shuka, mama."

Réjeanne alishuka. Alikwenda mbele ya mashine, akainama mahali ambapo baba yake hamwoni, akakanyagakanyaga theluji. Ilikuwa ngumu na kavu. Akahesabu moyoni hadi tano, muda ambao kulaza matawi huchukua.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Mashine ikasogea, ikazimwa.

Ndani ya kibanda kulikuwa na joto, na mkate wenye asali nyeusi ya miwa, na Ovila akidai kwamba samaki aliyemkosa asubuhi alikuwa na uso wa padri. Walikaa dakika arobaini. Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Walipotoka, Adélard alivuta kamba ya kuwashia na injini ikaitika mara ya pili, vizuri kabisa. Akakanyaga mafuta. Mashine ilinguruma, ikatetemeka, haikusogea hata unywele. Akazima. Akaenda mbele, akapiga magoti, akafagia theluji kwa mkono. Chini yake palikuwa na kioo cha kijivu, kimeushika mkanda pande zote.

Kwa saa mbili wanaume wawili walichimba kwa shoka na mtaimbo. Katika pigo moja baya shoka likaingia kwenye mpira, mkanda ukapasuka toka ukingo mmoja hadi mwingine. Hapo Adélard aliweka shoka chini. Kufikia wakati huo walikuwa wameufunua upande mzima, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba hakukuwa na tawi lolote. Réjeanne alimwona baba yake akilitazama tundu lile kwa muda. Kisha akaitazama sleji, ambapo miti ilikuwa imepangwa vizuri, yote. Hakumtazama yeye.

Walitembea hadi nyumbani. Baba yake alimbeba mgongoni robo ya mwisho ya safari, na njiani alisema jambo moja tu: "Bado una plagi kwapani? Nipe, isije ikakuumiza."

Carcajou ilikaa katikati ya ziwa siku kumi na moja, kando ya njia ambayo Adélard mwenyewe aliiwekea alama, ikisubiri mkanda mpya kutoka mjini. Jumapili watu wote waliokwenda misa ng'ambo waliipita. Wengine waliinua kofia mbele yake kama mbele ya kaburi. Mbele ya kanisa Ovila alisimama kwenye ngazi ya juu ili asikike.

"Adélard! Tueleze, tafadhali. Wewe ndiye profesa wa barafu. Matawi ulisahau, au siku hizi hayahitajiki?"

Watu walikuwa wamegeuka. Réjeanne alikuwa ameshika mkono wa baba yake, ndani ya glovu yake kubwa. Alihisi vidole vinakaza kidogo.

"Nimesahau," Adélard alisema. "Mnifanyeje? Niliisikia harufu ya chai yako nikapoteza akili. Ilikuwa na harufu ya soksi."

Walicheka hadi padri akatoka kuona kuna nini. Na kuanzia mwaka ule, kila majira ya baridi, asubuhi ya kwanza ambayo ziwa lilikuwa limeganda, Adélard alipofungua mlango alikuta matawi mawili ya msonobari kizingitini. Ovila hakukiri kamwe, na hakuna aliyemuuliza. Adélard aliyaokota, akayaweka kando ya mashine, akayatumia. Alisimulia hadithi ile kwenye harusi na kwenye matanga, na kila alipoisimulia aliongeza chumvi: shoka likawa kubwa zaidi, soksi zikanuka zaidi. Hakumweka Réjeanne ndani yake. Katika hadithi yake, siku ile alikuwa peke yake.

Asubuhi ya kwanza ya barafu ya mwaka 2001, miezi mitano baada ya mazishi, Réjeanne alifungua mlango akatazama chini. Hapakuwa na kitu.

*

Kama ingekuwa ni aibu ya mtoto wa miaka tisa tu, labda angeisema zamani. Lakini kulikuwa na Yvan.

Mwaka 2006 Yvan alikuwa na miaka ishirini na minne, naye alikuwa mmoja wa watu watatu waliofanya kazi chini ya Réjeanne. Alikuwa mzuri: mwepesi, asiyelalamika, mwenye jicho la barafu. Mchana mmoja wa Januari aliegesha mashine ya kijiji bila matawi, akaenda kumsaidia mtu kutoboa tundu, akarudi akaikuta imeshikwa. Mkutano wa wiki ile ulifanyika katika ukumbi wa parokia, na ulijaa watu. Réjeanne alisimama akasema: "Anayesahau matawi leo, kesho atasahau ufa. Siwezi kumweka juu ya barafu." Hakupandisha sauti. Hakuhitaji. Yvan alirudisha glovu za kazi mezani na kutoka.

Kwa miaka miwili hakumsalimia. Baadaye alianza kukusanya pikipiki za zamani, akahitaji mtu anayejua kabureta za miaka ya sitini, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Alikuja. Hawakuzungumzia ukumbi ule. Mara moja tu, akiwa ameinama juu ya injini, alisema kana kwamba anaongea na bisibisi: "Hata baba yako alisahau mara moja, Bi Réjeanne." Naye alijibu: "Nipe spana ya kumi na tatu."

*

Ijumaa jioni aliitoa Carcajou nje. Wageni wa mjini hulaza mashine zao za zamani kwenye gereji zenye joto usiku wa kuamkia msafara, wakidhani wanazitendea wema; theluji iliyobaki ndani yake inayeyuka, asubuhi wanazitoa, na maji yanaganda kwenye breki na kabureta. Mashine ya zamani inataka kulala kwenye baridi itakayofanyia kazi. Aliifunika turubai, akapakia matawi mawili nyuma ya kiti, akaenda kulala, na akalala vizuri kuliko alivyotarajia.

Jumamosi kulikuwa na jua na nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Mashine arobaini na moja zilijipanga kwenye mteremko, nyekundu, za buluu, za kijani kibichi, nyingine zimefungwa kwa waya, nyingine zinang'aa kuliko zilivyotoka kiwandani. Sheria ya msafara ni moja: kila mtu anavuta kamba yake mwenyewe. Ovila, mwenye miaka tisini na miwili, alikuwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya sleji, amefunikwa mablanketi manne, imebaki pua.

"Binti Adélard!" aliita. "Bado hilo dude lako linanguruma, au umelileta kwa ajili ya maombi?"

"Linanguruma kuliko wewe, Mzee."

"Hata paka ananguruma kuliko mimi. Njoo unipe mkono."

Yvan alipanda juu ya sanduku, akaondoa gunia lililofunika ubao. Mbao ilikuwa ya mwerezi, herufi zimechongwa kwa uangalifu na kupakwa rangi nyeusi. Alianza kusoma kwa sauti. Jina. Miaka. Majira arobaini. Hakupoteza mtu hata mmoja. Watu walikuwa wameanza kutabasamu kabla hajafika mwisho.

"Alisahau matawi—"

"Hakusahau," Réjeanne alisema.

Hakupiga kelele, lakini alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya upepo. Kofia za chuma sitini ziligeuka.

"Kazi ya matawi ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Miti ilikuwa inapungua, nami nilitaka ule wa mwisho ubaki, kwa kuwa ulikuwa wangu. Nilishuka, nikainama, sikuweka kitu. Akaniuliza, umeweka? Nikasema nimeweka." Alivua glovu moja bila kujua kwa nini. "Baba aliona mwenyewe, alipokwisha kuweka shoka chini. Hakuniuliza tena mpaka anakufa. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Upepo ulipeperusha gunia lililokuwa mkononi mwa Yvan. Mahali fulani nyuma, injini moja ilikuwa bado inawaka, na mwenyewe akaizima.

Kisha kutoka kwenye mablanketi ikatoka sauti. "Mungu wangu! Majira thelathini na matatu nimembebea matawi mtu asiye na kosa!"

"Kwa hiyo ulikuwa wewe, Mzee Ovila," mtu alisema.

"Nani mwingine? Unadhani ni malaika? Kila mwaka natoka kitandani na jino langu bovu, nakwenda msituni, nakata, nambebea. Naye anayapokea! Kumbe ananicheka! Adélard, mjinga we, huko uliko!" Alikuwa anacheka na kukohoa pamoja, na machozi yalikuwa yanaganda kwenye nyusi zake. Watu walicheka naye, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Mwanamke mmoja wa kwaya alisema, "Na wewe ulivyokuwa unatugombezea watoto wetu kwa kumwaga supu shuleni, eti kosa dogo huzaa kubwa!" Hapo walicheka zaidi.

Yvan hakucheka. Alishuka kwenye sanduku, akaja hadi mbele yake.

"Na mimi je?" alisema, kwa sauti ya chini.

"Wewe ulisahau," Réjeanne alisema. "Mimi nilidanganya. Lililo kubwa ni langu, nami nikakuhukumu wewe mbele ya ukumbi mzima. Nilikosea, Yvan. Nalisema mbele ya watu, kwa sababu lile pia nililisema mbele ya watu. Nisamehe."

Yvan aliutazama ubao. Alitazama mikono yake, yenye majeraha madogo ya patasi.

"Siku mbili nimechonga," alisema hatimaye. "Siku mbili, Bi Réjeanne. Nilikuambia upige simu."

"Najua."

"Kabla ya saa mbili, nilisema."

"Najua."

Aliufunika ubao tena kwa gunia, akalifunga kwa kamba, akaenda kwenye mashine yake. Réjeanne alirudi kwenye Carcajou. Bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu miaka miwili iliyopita, na mara mbili kamba ilimrudia mkononi. Mara ya tatu injini ikaitika. Moshi ulimpiga usoni, magoti yakaanza kuungua, na msafara ukateremka ziwani kufuata miti.

Ng'ambo walisimama kwa chakula, pai ya nyama na chai, kwenye uwanja wa kanisa lililofungwa. Réjeanne alishuka kwanza, akalaza matawi yake mawili, akapanda, akasogea mbele, akazima. Alipoinua macho alimwona Yvan amesimama kando na kikombe, akitazama chini ya mkanda wa Carcajou. Alitazama kwa makini, kama mkaguzi. Kisha akanywa chai yake.

*

Ubao ulirudi mahali pake mwezi wa tano, barafu ilipokwisha kuondoka. Mstari wa mwisho ulikuwa umezibwa kwa unga wa mbao na gundi, ukalainishwa hadi usionekane, na juu yake kumechongwa mwingine, herufi ndogo kidogo kwa kuwa nafasi haikutosha: *Matawi alisahau Réjeanne.* Alimwambia Yvan kwamba si sahihi, kwamba hakusahau. Yvan alijibu kwamba "alidanganya" ni neno refu mno kwa mbao iliyobaki, na kama hataki, patasi ile pale.

Ziwa liliganda tarehe nne Desemba. Asubuhi ile Réjeanne aliamka mapema kuliko kawaida, akapika kahawa, akasimama mlangoni muda mrefu kidogo kabla ya kufungua. Alijiambia kwamba anataka tu kuona barafu imefikia wapi. Kizingiti kilikuwa cheupe na kitupu. Ovila alikuwa kwenye nyumba ya wazee tangu mwezi wa kumi. Miguu haikumbeba tena, sembuse kumfikisha msituni. Alifunga mlango. Tarehe tano akafungua, akaona theluji mpya tu, na nyayo za sungura.

Tarehe sita hakuwa hata anafikiria. Alikuwa anatoka kumwaga majivu ya jiko, ndoo mkononi, na karibu akanyage matawi. Yalikuwa mawili, ya msonobari, yamekatwa kwa usafi kwa msumeno, yamefungwa kwa kamba ileile iliyofunga gunia la ubao. Kwenye theluji palikuwa na alama za mkanda mpana wa mashine ya mtindo wa zamani, zimekuja kutoka upande wa barabara ya Bolduc na kugeuka mbali kidogo na nyumba. Mwenye mashine alikuwa amezima injini pale na kuja kwa miguu, ili asisikike.

Réjeanne aliweka ndoo chini. Aliyaokota matawi, akayakung'uta, akayapeleka bandani na kuyaweka kando ya Carcajou, upande wa kulia, mahali ambapo baba yake alikuwa akiyaweka. Kisha akarudi kuchukua majivu.